Kutoka Rabai Hadi Barafu ya Mlima Kenya

Wanajiografia wa Ulaya waligombana kwa zaidi ya miaka kumi juu ya theluji ya Afrika Mashariki, na habari iliyowagombanisha ilitoka huku kwetu, bara ya Mombasa. Ukishapita Changamwe, Mikindani, Jomvu na Miritini, barabara yapanda hadi Mazeras, na hapo kuna njia ya kwendea Rabai. Huko ndiko wamisionari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walikoweka makazi yao mwaka 1846. Krapf alifika Rabai akiwa mgane. Mkewe Rosine alifariki kwa homa Julai 1844, mwaka ule ule waliofika Mombasa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Kaburi lipo mpaka leo bara ya kaskazini, upande wa Nyali, ng'ambo ya kisiwa.

Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliiona Kilimanjaro na weupe wake wa kileleni. Aliyekuwa akimwongoza ni Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za misafara. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf, akiwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba, aliuona Mlima Kenya. Habari zilipofika London, William Desborough Cooley, mtaalamu wa ramani za Afrika ambaye hakuwahi kulikanyaga bara hili, akashikilia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Ubishi ulikwisha polepole, wasafiri wengine walipojionea wenyewe. Mwaka 1871 Charles New, wa misheni ya Kimethodisti ya Ribe, jirani ya Rabai, alipanda Kilimanjaro mpaka akaigusa theluji kwa mkono wake.

Mimi ni mtu wa Likoni, na kabla ya kwenda mlimani nilianzia Rabai kwa makusudi. Nyumba za wamisionari wale bado zimesimama, na kanisa la zamani sasa ni jumba la makumbusho. Kando yake kuna kaya za Warabai, ambazo ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Shuleni tulifundishwa kwamba Krapf "aligundua" Mlima Kenya. Pale Rabai mtu aona wazi kwamba mambo hayakuwa hivyo. Wakikuyu, Wameru, Waembu, Wakamba na Wamaasai walikuwa wakiujua mlima ule na kuupa majina yao, na watu wa misafara wa pwani walikuwa wakizijua njia za bara. Krapf na Rebmann walipelekwa na watu waliokuwa wanajua wanakokwenda. Kazi yao kubwa ilikuwa kuandika, na kushikilia walichokiona hata walipoitwa waongo.

Nilitaka kuiona barafu ya Mlima Kenya kwa macho yangu kwa sababu moja: inakwisha.

Nguo za baridi mimi na binamu yangu tulizipata Kongowea. Watu wa bara wakishuka Mombasa hushangaa kusikia kwamba soko la mji wenye joto hili lina makoti mazito ya kila namna, lakini marobota ya mitumba hayachagui hali ya hewa. Yakifunguliwa, koti la manyoya hutoka pamoja na fulana, na kwa kuwa wanunuzi ni wachache, bei yake huwa ya chini. Muuzaji mmoja aliniletea koti la buluu lililojaa manyoya ya bata. "Hili, dada, lilishonwa kwa ajili ya barafu. Hapa Kongowea lanitesa tu kulitundika." Binamu yangu alipata viatu vya kupandia vilivyokuwa bado na meno, pamoja na glavu za sufu. Mama alitutazama tukipanga vitu vile sebuleni, huku feni yazunguka, akauliza, "Mwanangu, wenda kutafuta nini kwenye baridi?" Nilimwambia nakwenda kuona barafu. Akanyamaza, kisha akatuombea dua na kunifungia tangawizi.

Zamani safari yoyote ya mtu wa Likoni ilianza kwa foleni ya feri. Sasa iko barabara ya Dongo Kundu, inayotoka kusini ikapita juu ya vijito na mikoko hadi Miritini, kwenye stesheni ya reli mpya, bila kukanyaga kisiwa. Asubuhi ile maji yalikuwa yamekupwa. Kwenye matope ya Mwache tuliona makundi ya vitwitwi na ndege wengine wa ufuoni wenye midomo mirefu, wakidona haraka haraka. Baadhi ya ndege hao hawazaliwi kwetu. Wapo wanaotaga mayai kaskazini mwa Siberia, ndani ya Aktiki, katika kiangazi kifupi cha huko, na baridi ikianza huruka maelfu ya kilomita hadi pwani yetu, wakakaa mpaka Aprili. Watoto wa Likoni wanaochimba chambo kwenye matope hayo huwafukuza kila siku bila kujua wageni hao wametoka wapi. Naona walimu wetu wangewaeleza.

Treni ilipita Mariakani na Voi, ikaiacha milima ya Taita kushoto. Njia hii inakaribiana na zile walizozipita Bwana Kheri na wenzake kwa miguu. Siku ile kulikuwa na ukungu na Kilimanjaro haikuonekana. Nairobi tulilala, na asubuhi tukapanda matatu ya Nanyuki, mwendo wa kama kilomita 200 kupitia Thika, Sagana na Karatina. Nanyuki iko ikwetani, na kuna kibao kinachokuambia hivyo. Jioni mawingu yalipofunguka nikauona mlima kwa mara ya kwanza: meno mawili meusi, na baina yake na pande zake mistari myeupe myembamba. Nilikuwa nimezizoea picha za zamani zenye weupe mpana. Wembamba wa mistari ile ulinigusa kabla hatujapiga hata hatua moja.

Hifadhi ya Mlima Kenya ilitangazwa mwaka 1949 na kuingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1997. Mtu haruhusiwi kupanda peke yake, na hilo ni jema. Kiongozi wetu alikuwa mzee wa Kimeru, mpole, mwenye maneno machache. Tulimwita mzee, naye akaniita dada tangu mwanzo hadi mwisho. Sharti lake lilikuwa moja. "Kichwa kikiuma, sema. Watu wa pwani mnaficha ugonjwa kwa adabu, halafu tunabeba mtu usiku." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Sisi tumezaliwa usawa wa bahari, na mwili wetu hauna mazoea ya hewa nyepesi. Ndiyo maana tulikwenda taratibu kuliko makundi mengine, na tukalala siku ya ziada njiani kuuzoesha mwili.

Tuliingia kwa lango la Sirimon, mita 2,650, upande wa kaskazini magharibi ambao ni mkavu zaidi. Msitu una mbega weusi wenye mkia mweupe, na kinyesi cha tembo na nyati njiani. Jioni ya kwanza tulifika kambi ya Old Moses, mita 3,300, ambapo miti imekwisha na upepo hauna cha kuuzuia. Hapo ndipo mtu wa Mombasa ajuapo kwamba mablanketi aliyowahi kujifunika maisha yake yote yalikuwa mapambo.

Siku iliyofuata ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Njia hushuka na kupanda kuvuka mito ya Ontulili na Liki, kisha huingia bonde la Mackinder, bonde refu lililochimbwa na barafu ya zamani, wakati ilipokuwa nene na kushuka mbali. Pande zake mbili zimesimama majabali, na mwisho wake ni vilele. Ndani ya bonde hilo imeota mimea ambayo sikuwa nimeona mfano wake. Senesio ni mti wenye shina nene na kichwa cha majani mapana. Majani yake yakifa hayaanguki, hubaki yakilivika shina kama makuti makavu ya mnazi usiosafishwa, yakaulinda mti na baridi. Lobelia nayo hukaa chini, imekusanya majani kwa mviringo na kushika maji katikati. Usiku majani hufumba, maji ya juu huganda yakawa kifuniko, na kitovu cha mmea hakifikiwi na baridi. Asubuhi nilikiinua kifuniko kile kwa ncha ya kidole: duara la barafu jembamba, na chini yake maji.

Mimea hiyo hufanya kazi hii kila siku ya Mungu. Wanaokwenda Svalbard au kaskazini ya Norway huona jua lisilotua mwezi Juni, na Desemba huona usiku usiokucha. Hapa mchana ni saa kumi na mbili na usiku ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Mchana jua la ikweta hukuchoma shingo, jioni likitua kila kitu huganda. Wataalamu wa mimea husema milima yetu ina kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku, na kiumbe kinachoishi pale lazima kivumilie vyote viwili. Chini ya jiwe moja mzee alitunyooshea kidole kwenye ua dogo jeupe lenye petali nne. Mimea ya jamii hiyo, Arabis alpina, huota milimani kwetu na pia Greenland na Skandinavia. Nilichutama nikalitazama kwa muda. Ua la mwisho wa dunia limekuja kuishi nasi, nchi moja na minazi.

Kambi ya Shipton iko mita 4,200, chini ya vilele vyenyewe. Pimbi hutoka mawe kwa mawe wakinusa mifuko ya chakula. Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, ni vya wapandaji wenye kamba na vyuma. Mwanajiografia Mwingereza Mackinder na viongozi wake wawili kutoka Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, walifika Batian Septemba 1899. Sisi wengine hwenda Lenana, mita 4,985, ambako miguu yatosha.

Hapa nina neno. Majina ya laiboni, viongozi wa kidini wa Kimaasai, yamo juu ya vilele, na ya wageni wa Ulaya yako chini: la Mackinder limo bondeni, la Teleki katika bonde jingine, la Shipton kambini. Msafara wa Mackinder ulikuwa na wapagazi Waswahili kutoka Unguja, watu wa joto kama sisi, waliobeba vyakula, mahema na vyombo vya kupimia hadi kwenye baridi ile. Baadhi yao hawakurudi. Sijaona jiwe lolote mlimani lenye jina la mpagazi mmoja wao. Wapagazi wa leo, vijana wa Nanyuki, Naro Moru na Chogoria, walitupita kila asubuhi wakiwa na mizigo mgongoni na kufika kambini kabla yetu, chai ikiwa tayari. Bila wao hakuna anayepanda, na malipo yao ndiyo jambo la kwanza la kuuliza unapokodi kampuni ya kukupeleka.

Tuliondoka Shipton saa tisa za usiku. Taa za kichwani zilionesha kokoto na miguu ya aliye mbele, basi. Kokoto huteleza, ukipiga hatua mbili warudi moja. Kichwa kilianza kunigonga, nikasema kama nilivyoagizwa. Mzee akanisimamisha, akanipa maji na tangawizi ya mama, akanitazama machoni na kuniuliza maswali madogo madogo, kisha akaridhika. Karibu na alfajiri tulisimama chini ya mwamba. Maji ya chupani yalikuwa yameganda shingoni, hivyo nilitayamamu kwa jiwe kavu, nikasali nimevaa lile koti la Kongowea. Mzee na binamu yangu walizima taa wakaningojea. Sijawahi kuona nyota nyingi kiasi kile.

Sehemu ya mwisho ina vyuma vya kushika kwa mkono vilivyopigiliwa kwenye mwamba. Halafu mara hakuna tena pa kupanda. Jua lilitoka upande wetu, upande wa bahari, na mbali kabisa kusini, juu ya mawingu, kilionekana kichwa cha Kilimanjaro. Juu ya Lenana ndipo Kisoi Munyao aliposimamisha bendera ya Kenya usiku wa uhuru, Desemba 1963. Miaka ishirini kabla yake, mwaka 1943, walifika hapo Waitaliano waliotoroka kambi ya wafungwa wa vita Nanyuki, Felice Benuzzi na mwenzake, wakaweka bendera yao, kisha wakarudi wenyewe kujisalimisha.

Lakini mimi nilikuwa nimekuja kuona kitu kilicho chini ya miguu ya Lenana, upande wa kusini magharibi. Barafu ya Lewis. Ilikuwa kubwa kuliko zote za mlima huu, na imepimwa na wataalamu kwa muda mrefu kuliko barafu nyingi za nchi za joto. Kati ya mwaka 1934 na 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Baada ya hapo ikapasuka vipande viwili. Jirani yake, barafu ya Gregory, ilitoweka kabisa mwaka 2011. Mwanzo wa karne ya 20 mlima ulikuwa na barafu 18. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kwamba Mlima Kenya unaweza kuwa miongoni mwa milima ya kwanza duniani kupoteza barafu yake yote kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi yaliyoletwa na binadamu, na kwamba huenda hilo likatokea katika miaka ya 2030. Joto la hewa limo ndani ya sababu, na ukavu pia: theluji mpya haishuki ya kutosha kufidia inayoyeyuka, na barafu isiyofunikwa na theluji mpya hupigwa na jua moja kwa moja.

Tuliteremka hadi karibu na kibanda cha Austrian Hut, mita 4,790, na mzee akatupeleka mpaka ukingoni mwake. Nilivua glavu nikaiwekea barafu mkono. Haikuwa nyeupe. Ilikuwa ya kijivu, imejaa mchanga na vipande vya mawe, ngumu, yenye mabonde madogo yaliyochongwa na jua. Ukitega sikio wasikia maji yakipita chini yake. Mzee alituonesha jabali lililokuwa juu ya vichwa vyetu, tupu na laini. "Nilipoanza kazi hii," akasema, "barafu ilifika pale." Nilipima kwa macho. Sikuwa na la kumjibu.

Watu wengi husema barafu hii ikiisha mito itakauka. Haifai kusema hivyo, kwa sababu si kweli. Barafu iliyobaki ni ndogo mno kuulisha mto. Mvua na msitu wa mlima ndivyo vinavyoilisha Tana, na Tana ndiyo inayozungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ambayo umeme wake hufika hadi taa za Likoni. Msitu ndio wa kupiganiwa kwa ajili ya maji. Barafu ina thamani nyingine. Ni shahidi. Kwa ajili yake Rebmann na Krapf waliitwa waongo, na kwa ajili yake watu wa pwani na wa bara walitembea miezi. Baada ya miaka si mingi, atakayesema kulikuwa na barafu juu ya ikweta ya Kenya atahitaji picha ili aaminiwe, kama wakati wa Cooley.

Tulishukia upande wa Chogoria, mashariki, na nawasihi wanaopanda wafanye vivyo hivyo. Njia hupita vijiziwa vya Hall, kisha hufika mahali ardhi inapokatika ghafla: ukuta wa mamia ya mita, na chini kabisa ziwa Michaelson, la kijani, limekaa bondeni bila mtu. Kwa uzuri, sijaona mahali pa kulishinda katika Kenya yote. Kutoka hapo ni mwendo wa siku nzima kushuka kwenye nyasi ndefu za magenge, na mwisho wake ni msitu wa mianzi, ukungu na harufu ya udongo ulioloa. Goti la kushoto la binamu yangu lilivimba. Vijana wa Chogoria wakamkatia fimbo ya mwanzi, akafika nayo hadi Likoni.

Kwa watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanaoweza kutembea: Januari na Februari ni miezi mizuri, na pia Julai hadi Septemba. Epukeni mvua za Aprili na Mei na zile za Novemba. Ada za hifadhi hulipwa kwa eCitizen kabla ya kufika langoni. Msikubali kampuni inayowaahidi kufika juu na kurudi haraka. Mtu wa usawa wa bahari ahitaji usiku wa ziada mlimani. Makoti yapo Kongowea. Anzieni Rabai, ni mwendo mfupi kutoka Changamwe. Na mwende mapema, barafu ingalipo.